Maswali ya Wasomaji: Kihispania na Mwalimu Binafsi

Katika toleo hili tumechagua barua tatu zinazohusu jambo moja, yaani kujifunza Kihispania kwa kumlipa mwalimu anayekufundisha peke yako. Majibu yanatolewa na mwalimu wa lugha anayeandika safu hii.

SWALI

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwongoza watalii, naishi Arusha. Kiingereza changu kinanitosha kwa kazi, lakini kampuni nyingi hapa mjini hutafuta waongozaji wanaojua Kihispania, hasa kwa wageni wa Julai na Agosti, na malipo yao ya siku huwa juu kuliko yetu. Nimetumia programu ya simu kwa muda mrefu na ninajua maneno mengi, lakini juzi nilipokutana na familia moja kutoka Sevilla pale kwenye lango la Naabi, nilishindwa kutoa hata sentensi mbili. Sasa nataka kumlipa mwalimu binafsi kupitia intaneti. Je, fedha yangu itakuwa na faida? Nimchague mwalimu wa Hispania au wa Amerika ya Kusini? Na itanichukua muda gani? — Mwongoza watalii, Arusha

JIBU

Marahaba, ndugu yangu. Fedha yako itakuwa na faida, ila kwa sharti moja ambalo nitalirudia katika majibu yote ya leo kwa sababu ndilo linalosahauliwa zaidi: mwalimu binafsi analipwa ili wewe useme, naye asikilize na kusahihisha. Maneno unayo, umesema mwenyewe. Programu ya simu hukuzoesha kulitambua neno unapoliona, kwa utulivu, bila mtu anayekusubiri, ilhali katika mazungumzo unatakiwa kulitoa neno hilo mwenyewe, kulinyambua inavyotakiwa na kulipanga pamoja na mengine huku mgeni akikutazama usoni. Stadi hii ya pili haipatikani ila kwa kuzungumza na mtu. Kwa hiyo usimlipe mwalimu ili akusomee orodha ya wanyama au akuandikie jedwali la vitenzi, kwa maana hayo yamo vitabuni na katika hiyo programu, na unaweza kuyamaliza jioni iliyotangulia kipindi.

Nakushauri uingie katika kila kipindi ukiwa na kipande cha kazi yako. Wiki hii jiandae kueleza jinsi kreta ya Ngorongoro ilivyotokea, wiki ijayo eleza kwa nini nyumbu huhama na kwa nini huvuka mto Mara, na inayofuata eleza kanuni za hifadhi. Mwalimu na awe mgeni: akukatize, akuulize swali la kijinga na swali gumu, ajifanye ameogopa, ajifanye amechoka na anataka choo. Mwishoni akuandikie makosa yako matano au sita yaliyojirudia, si yote, kisha kipindi kinachofuata kianze kwa kueleza jambo lile lile upya bila makosa hayo. Wanafunzi wengi hukipuuza kipengele hiki cha kurudia kwa kuona kwamba wanapoteza fedha kwa mada ya zamani, lakini mimi nimeona maendeleo makubwa zaidi yakitokea katika mara ya pili na ya tatu ya kueleza jambo moja kuliko katika mada mpya kila siku. Kwa ruhusa yake rekodi sauti, nawe usikilize ukiwa njiani kwenda Karatu.

Mwalimu wa kigeni hatajua msamiati wa porini unaouhitaji, hivyo uandae wewe. Duma ni guepardo na chui ni leopardo, na mgeni aliyelipa kuja kuwaona wote wawili hatafurahi ukiwachanganya. Nyumbu ni ñu, neno linalotamkwa kama silabi ya kwanza ya jina lake la Kiswahili. Fisi na twiga, hiena na jirafa, hubaki katika jinsia ya kike hata mnyama mwenyewe akiwa dume. Kisha kuna sentensi za usalama, ambazo ni lazima zitoke mdomoni bila kufikiri. Kwa wageni wa Amerika ya Kusini utasema no se bajen del coche, yaani msishuke garini. Kwa familia ya Hispania unayoizoea utasema no os bajéis. Umbo hilo la kukataza huwekwa mbali sana katika vitabu vingi vya wanaoanza. Wewe mwombe mwalimu akufundishe mapema, kwa kuwa kazi yako inalidai siku ya kwanza.

Sasa nikueleze jambo ambalo walimu wengi wa ng'ambo hawalijui, na ambalo linaweza kukupunguzia miezi ya kazi. Walimu hao, wakisikia unajua Kiingereza, watakufundisha kwa kupitia Kiingereza, ilhali mahali pengi Kihispania kiko karibu zaidi na Kiswahili chako. Irabu za Kihispania ni tano, a, e, i, o, u, nazo hutamkwa kama zetu. Herufi ñ ni ny ya nyumba. Sauti ya j, inayowatesa wageni wengine, iko karibu na kh ya kheri, na katika sehemu kubwa ya Hispania herufi z, pamoja na c inayotangulia e au i, hutamkwa kama th ya thelathini. Hata d iliyo kati ya irabu, kama katika nada, hulainika ikakaribia dh ya dhahabu, na g ya agua ikakaribia gh ya ghali. Mtu aliyelelewa na Kiswahili kizuri anazo sauti hizi zote kabla ya kulipa senti moja.

Katika sarufi pia utajikuta nyumbani. Sisi husema kitabu kizuri, vitabu vizuri, na wao husema libro bonito, libros bonitos: kivumishi hufuata nomino na huchukua upatanisho wake. Anayetoka katika Kiingereza hulazimika kujenga tabia hiyo upya, lakini wewe unayo tangu utotoni, na badala ya ngeli zetu nyingi utakutana na jinsia mbili tu. Kitenzi chao humbeba mtenda ndani yake kama chetu, ingawa wao humweka mwishoni nasi mwanzoni. Kiwakilishi cha mtendwa hutangulia shina la kitenzi, hivyo los vimos ayer ina mpangilio unaoujua katika tuliwaona jana. Na ile tofauti ya ser na estar, vitenzi vyao viwili vya kuwa, inayojaza kurasa za vitabu, sehemu yake moja unayo tayari, kwa sababu huwezi kusema simba ni mtoni ukimaanisha kwamba yuko mtoni. Mweleze mwalimu wako mambo haya katika kipindi cha kwanza, ili asitumie saa yako kukufafanulia usichohitaji kufafanuliwa.

Saa hizo zipelekwe kwenye mambo yanayotusumbua sisi, na la kwanza ni mkazo. Katika Kiswahili mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na kwa kuwa maneno mengi ya Kihispania hufanya vivyo hivyo, msemaji wa Kiswahili hujisahau akauweka hapo daima. Hablo maana yake ni ninasema. Habló, mkazo ukiwa mwishoni, ni alisema. Ukikosea mkazo umebadilisha wakati na mtu kwa pamoja, na mgeni anayesikiliza simulizi yako ya jana hataelewa ni nani aliyefanya nini. La pili ni r na l kwa wale ambao lugha ya nyumbani haizitenganishi, pamoja na ile rr ya kutetemesha ulimi: pelo ni nywele, pero ni lakini, perro ni mbwa. La tatu ni hali tegemezi ya vitenzi, ile wanayoiita subjuntivo. Tunayo yetu, kama katika nataka uje, lakini wao huitumia mahali pengi ambapo sisi hatungeitumia. Mambo hayo matatu yanahitaji sikio la mtu mwingine, na hapo ndipo malipo yako yanapostahili kwenda.

Umeuliza kuhusu Hispania na Amerika ya Kusini. Kihispania ni lugha rasmi katika nchi 20 pamoja na Puerto Rico, na mojawapo ya nchi hizo, Guinea ya Ikweta, iko hapa barani Afrika. Wasemaji wa kote huko huelewana, kwa hiyo uchaguzi wako uongozwe na wageni unaowapokea. Ikiwa wengi ni wa Hispania, anayefaa zaidi ni mwalimu wa Hispania, kwa kuwa utahitaji kuzoea vosotros, yaani ninyi ya kwao, na jinsi wanavyopenda kusema hemos visto kwa jambo la leo, karibu kama tunavyosema tumeona badala ya tuliona. Ikiwa ni wa Kolombia au Meksiko, chukua mwalimu wa huko, nawe utatumia ustedes kwa kundi lolote. Waargentina husema vos badala ya tú, yaani wewe, na y yao mara nyingi husikika kama sh. Liko onyo moja tu ambalo sipendi ulipate kwa aibu: kitenzi coger, ambacho mjini Madrid ni cha kushika kitu au kupanda basi, ni tusi nchini Meksiko na Argentina. Ukitumia tomar utakuwa salama kote.

Kuhusu muda, taasisi ya serikali ya Marekani inayowafundisha wanadiplomasia wake hukadiria kati ya saa 600 na 750 za darasani ili msemaji wa Kiingereza afikie kiwango cha kufanyia kazi za kitaalamu. Kazi yako haihitaji kufika huko mwanzoni. Kwa maoni yangu, unaweza kuongoza safari ukiwa katika B1, hatua ya tatu kati ya sita za ngazi iliyotolewa na Baraza la Ulaya mwaka 2001, inayoanzia A1 na kuishia C2. Vipindi viwili vya saa moja kwa wiki vitakupa saa 100 hivi kwa mwaka, na saa hizo peke yake hazitakufikisha. Ukiongeza saa moja ya kujisomea kila siku, mwaka mmoja hadi mmoja na nusu ni matarajio ya haki. Kalenda ya kazi yako nayo inakusaidia. Aprili na Mei, mvua za masika zinapopunguza wageni, chukua vipindi vinne au vitano kwa wiki. Julai hadi Septemba, ukiwa porini, jitosheleze na kimoja kifupi pale mtandao unapopatikana, na wageni wenyewe wawe zoezi lako.

Upangaji wa saa usikukwamishe. Saa mbili usiku ya Arusha ni saa sita mchana Bogotá, na ni saa tano asubuhi mjini Meksiko, kwa hiyo mwalimu wa huko atakupokea katikati ya siku yake ya kazi wakati wewe umeshatoka kazini. Madrid iko nyuma yetu kwa saa mbili wakati wa baridi yao na kwa saa moja wakati wa kiangazi, badiliko ambalo huwapotezea watu vipindi mwishoni mwa Machi na mwishoni mwa Oktoba.

Kabla ya kulipa kifurushi cha vipindi vingi, jaribu walimu watatu kwa kipindi kimoja kimoja. Majukwaa kama italki na Preply yanao wengi, na italki huwatenganisha walimu wenye sifa za kitaaluma na wazungumzaji wa kawaida wanaosaidia mazoezi, ambao mara nyingi bei yao huwa ya chini. Kwa mtu kama wewe, ambaye ana msamiati lakini hana mdomo, yeyote kati ya makundi hayo anaweza kufaa. Kinachoamua ni mambo mawili ya kuangalia katika kipindi cha majaribio: nani amezungumza zaidi, na kama umetoka na masahihisho yaliyoandikwa. Mwalimu aliyezungumza zaidi yako kwa saa nzima, hata akiwa mcheshi na mwenye elimu kubwa, mshukuru na umwache.

SWALI

Mwalimu, salamu kutoka Nairobi. Nimesoma Kihispania na mwalimu mmoja wa mtandaoni tangu mwaka jana. Ni mtu mwema, tunacheka, tunazungumza kuhusu habari za dunia, na kila ninachosema huniambia ni vizuri sana. Nataka kufanya mtihani wa Kihispania wa DELE wa B2 kwa ajili ya shahada ya uzamili nchini Hispania, lakini nikijaribu karatasi za zamani ninafeli sehemu ya kuandika. Naona haya kumwacha. Nifanye nini? — Mwanafunzi, Nairobi

JIBU

Binti yangu, haya yako naielewa na inakupa heshima, lakini hujalazimika kumwacha ili mambo yabadilike. Walimu wengi wa mazungumzo huzuia masahihisho kwa hofu ya kumvunja moyo mwanafunzi, na baadhi yao wamewahi kupoteza wanafunzi waliochukizwa na kusahihishwa. Mwambie waziwazi, kwa maandishi kabla ya kipindi, kwamba una mtihani na kwamba unamwomba akukatize kila unapokosea vitenzi vya wakati uliopita, au jambo lolote moja utakalochagua kwa wiki hiyo. Ukimpa ruhusa iliyo na mpaka namna hiyo, mwalimu mwema hufurahi. Mpe mwezi mmoja. Asipobadilika, mweleze kwa shukrani kwamba sasa unahitaji mtu anayeandaa watahiniwa, na yeye ubaki naye mara moja kwa wiki mbili kwa mazungumzo, ikiwa mfuko unaruhusu.

Ni muhimu uelewe jinsi mtihani wenyewe ulivyojengwa, kwa kuwa ndio utakaokuonyesha saa zako ziende wapi. DELE hutolewa na Taasisi ya Cervantes kwa niaba ya wizara ya elimu ya Hispania. B2 ina sehemu nne: kusoma kwa dakika 70, kusikiliza kwa dakika 40, kuandika kwa dakika 80, na mazungumzo ya dakika 20 yanayotanguliwa na dakika nyingine 20 za kujiandaa. Kusoma na kuandika huhesabiwa pamoja kwa alama 50, kusikiliza na kuzungumza pamoja kwa alama 50, na ni lazima upate angalau 30 katika kila kundi. Maana yake ni kwamba ufasaha wako wa mdomo, hata ukiwa wa kupigiwa mfano, hautaziba pengo la karatasi ya kuandika, kwa sababu makundi hayo hayakopeshani alama.

Katika kuandika, kazi ya kwanza hukutaka usikilize sauti fulani kisha uandike barua inayotumia ulichosikia, na ya pili hukutaka uandike makala ya kutoa maoni, kila moja ikiwa na maneno kati ya 150 na 180. Katika mazoezi yako, kazi kama hizo ziandike nyumbani, kwa saa iliyowekwa, kwa kalamu na bila kamusi, kisha zitume kwa mwalimu kabla ya kipindi. Wakati wa kipindi msisome insha yako kutoka juu hadi chini. Achague sentensi tatu zilizoharibika, wewe uzitengeneze kwa sauti huku akikuuliza kwa nini umechagua hivyo. Insha hiyo hiyo iandikwe tena wiki hiyo. Mwalimu anayekataa kusoma kazi za maandishi nje ya muda wa kipindi ana haki ya kudai malipo ya ziada, na ni afadhali umlipe kwa hilo kuliko kumlipa kwa saa nyingine ya habari za dunia.

Kabla ya kujiandikisha, soma masharti ya chuo unachokitaka. Vyeti vya DELE havina mwisho wa matumizi. Upo pia mtihani wa SIELE, ulioanza mwaka 2016, ambao hufanywa kwa kompyuta na matokeo yake hutoka upesi zaidi, lakini cheti chake hudumu kwa miaka mitano tu. Ikiwa chuo kinaupokea na muda umekubana, ni njia halali kabisa.

SWALI

Mwalimu, sisi ni marafiki wawili wa Mwanza. Hatuna uwezo wa kumlipa mwalimu wa ng'ambo kila wiki, na bando nalo ni gharama. Kuna mzee mmoja mtaani aliyesoma Cuba na anakizungumza Kihispania vizuri, ila si mwalimu kwa taaluma. Je, anafaa? Na tunaweza kusoma pamoja? — Marafiki wawili, Mwanza

JIBU

Anafaa, na msichelewe kwenda kumwamkia. Cuba imewasomesha vijana wengi wa Afrika kwa miongo kadhaa. Hata mwaka 2018 Kenya iliwapeleka madaktari wake huko kusomea udaktari wa familia, na watu wa namna hiyo wamekaa na lugha hiyo bila mtu wa kuzungumza naye. Mzee wenu atakuwa na lafudhi ya Karibiani, ambayo humeza s mwishoni mwa silabi, hivyo jizoezeni pia kusikiliza redio na habari za Hispania au Kolombia ili masikio yenu yasifungwe na sauti moja. Wapo vilevile mapadre na masista waliosomea Hispania, na wengi wao hawajawahi kuombwa.

Kwa kuwa yeye si mwalimu, msimwachie kazi ya kupanga masomo. Nunueni kitabu kimoja cha hatua ya A1, kizuri chochote chenye majibu nyuma, someni sura moja ninyi wawili kwa wiki, fanyeni mazoezi yote, kisha nendeni kwake mkiwa na maswali na mada ya kuzungumza. Msimuulize kanuni, kwa maana mzungumzaji mzuri anaweza asijue kuzieleza. Muulizeni lipi husemwa na lipi halisemwi, na kanuni mtaitafuta kitabuni.

Kusoma wawili ni vizuri ikiwa kiwango chenu kinalingana, na gharama hugawanyika. Mmoja azungumze na mzee kwa dakika kumi huku mwingine akiandika makosa anayoyasikia bila kukatiza, kisha mbadilishane. Pale fedha itakapopatikana, hata mara moja kwa mwezi, chukueni kipindi cha nusu saa na mwalimu wa mtandaoni kwa ajili ya kupimwa tu: ajue ni wapi mmefika na awaambie makosa ambayo mzee ameyazoea kwenu akaacha kuyasikia. Zimeni video ili bando lisiishe haraka. Na kuhusu malipo ya mzee, kubalianeni mapema na kwa heshima, iwe ni fedha kidogo kwa mwezi au msaada wa kazi za nyumbani kwake, maana mpango usiotajwa huanza kuyumba kuanzia wiki ya tatu.